Baba Amesema Nirudi

Novemba 10

Mama kaondoka leo. Ndege ilichelewa, akakaa kwenye benchi la uwanjani na koti lake la manyoya limefungwa mpaka kidevuni, utadhani anakokwenda ndiko kwenye baridi. Anapelekwa Ottawa, mbali kusini mwa Kanada, kupimwa mapafu. Binamu yangu Leetia amefuatana naye ili amsaidie na kumtafsiria. Nimemnunulia Mama simu, ya kwanza maishani mwake, na ana miaka sabini na minne. Aliipokea kwa vidole viwili kama samaki aliyechina.

Kabla ya kupanda alimshika mwanangu mkono. "Baba," akamwambia, "binti yako naenda. Unaniruhusu?"

Mwanangu ana miaka kumi na mitano. Alizaliwa miezi mitatu baada ya babu yangu kufariki, tukampa jina la marehemu, Uqittuq, na kwetu jina haliji peke yake, mwenyewe huja nalo. Kwa hiyo kwa mama yangu huyu si mjukuu, ni baba yake. Kwangu ni babu, na Babu ndivyo ninavyomwita. Hajawahi kukaripiwa, kwani nani amkaripie mzee? Tangu ana miaka minne Mama humtaka shauri: tuhamie kambini sasa au tungoje? Ngozi hii niishone viatu? Akitikisa kichwa, haishonwi. Shuleni na kwenye simu anaitwa Tyson.

"Poa, bai," Babu akamjibu kwa Kiingereza, macho kwenye simu yake.

Mama akacheka. Alisema hata zamani baba yake hakuwa mtu wa kuaga.

Novemba 12

Jua halikutoka. Huku kaskazini ndiyo basi, ni giza mpaka mwisho wa Januari.

Novemba 15

Leetia alitupigia simu ya picha. Mama alionekana pua tu na jicho moja, maana anaishika simu kama anainusa. Tulikaa mezani jikoni, mimi na Babu.

"Baba, umekula? Barafu imeshakaza?"

Babu akajitahidi. Aliacha Kiingereza chake akaanza kumsimulia, kwa lugha yetu, jinsi walivyokwenda kwenye barafu mpya na baba wa rafiki yake wakaona tundu la kupumulia la sili. Sentensi ilikuwa ndefu, na katikati akafanya kosa la mtoto wa chekechea.

"Si hivyo, Babu," nikamwambia. "Sema tena."

Akasema tena, akakosea palepale. Nikamsahihisha tena. Huko Leetia akaangua kicheko: "Jamani, mzee wetu anaongea kama aliyeachishwa ziwa jana!" Nami nikacheka, kusema kweli kilichekesha. Mama peke yake hakucheka. "Endelea, baba," alimwambia. "Hilo tundu lilikuwa kubwa?"

"Basi tu," Babu akasema kwa Kiingereza, akaenda chumbani kwake.

Mimi ni mwalimu wa lugha. Samaki mkunje angali mbichi. Nisipomsahihisha mimi, atasahihishwa na nani, simu?

Novemba 16

Babu amekula chumbani.

Novemba 22

Nafundisha lugha yetu darasa la kumi, yaani nalipwa ili nikasirike. Juzi niliwapa kazi: barua ya ukurasa mmoja kwa mzee yeyote wa ukoo. Leo nimekusanya. Sheila ameandika maneno matano, mawili ya Kiingereza. Devon kamwandikia bibi yake mstari mmoja, halafu akachora mafuvu matatu.

"Haya ni nini?"

"Mafuvu, mwalimu. Maana yake nimecheka mpaka nimekufa."

"Umemwandikia bibi yako kwamba umekufa?"

Darasa zima likafa, kwa maana hiyohiyo ya Devon. Niliona nikikasirika peke yangu nitaonekana mjinga, nikakaa juu ya meza nikawauliza sheria za alama zao za simu. Moyo je? Moyo ni wa kila mtu, mwalimu, hauna uzito. Na dole gumba?

"Hilo la kufungia," akasema Sheila. "Maana yake nimeona, tuishie hapo. Ukimjibu mtu kwa maneno naye atajibu, nawe ujibu, mtakesha."

"Na usipojibu kabisa?"

"Haa! Hapo umemtukana."

Kwa hiyo wanajibiana ili wasiongee. Nimerudi nyumbani nikicheka njia nzima, mpaka machozi yakaganda kwenye kope. Sijui kwa nini nilikuwa nikicheka.

Novemba 28

Ni saratani. Pafu la kushoto, na imeshaanza kwenda kwingine. Leetia alimtafsiria Mama kwanza, halafu daktari akaongea nami moja kwa moja. Dawa ya mshipani kila baada ya wiki mbili, hadi Aprili. Akitibiwa huenda akapata mwaka, labda miwili. Asipotibiwa, hafiki masika.

Nilimwuliza Mama anaonaje. "Nimeanza leo," alisema. "Sindano yenyewe si kitu. Chakula chao ndicho kitaniua." Halafu akauliza baba yuko wapi. Babu alikuwa amesimama nyuma yangu. Alipunga mkono.

Desemba 1

Nyuzi thelathini na tisa chini ya sifuri. Shule imefunguliwa.

Desemba 5

Leetia amemfundisha Mama kutuma ujumbe wa sauti. Sasa kila siku, asubuhi na jioni, akishapewa uji wao, anabonyeza na kuongea na Babu, dakika nne, dakika tano. Kuandika kwenye simu hawezi. Leetia ananiambia Mama hufurahi kupita kiasi Babu anapomtumia kitu. Wagonjwa wenzake wote wameonyeshwa. "Baba yangu kanitumia moyo." "Leo baba kaniinulia dole."

Nilimwuliza Babu kama anausikiliza ujumbe wa bibi yake.

"Ee."

"Anasemaje?"

"Mambo yake tu, mama. Ya zamani."

Nimeona nisimbane. Angalau wanawasiliana. Huenda nimewaonea hawa watoto na vidole vyao.

Desemba 11

Mama hali. Kila kitu anatapika. Nimemtumia boksi kwa ndege: sili mbichi, samaki waliogandishwa, na ngozi ya nyangumi aliyoiomba mwenyewe. Babu alinisaidia kufunga kwa utepe. Aliandika jina la bibi yake juu ya boksi kwa herufi zetu, nzuri kabisa. Nilitaka kumsifu. Nikaona moja imegeukia upande usio wake, nikamwonyesha hiyo.

Desemba 13

Boksi limefika. Amekula vipande viwili vya sili, havikutoka.

Desemba 17

Niandike kwa mpangilio, maana kichwa kinaniruka.

Leetia alipiga saa sita mchana, nikiwa shuleni. "Rhoda, umeshamwandalia kitanda? Tunaondoka kesho. Dada yangu, mimi nimesema mpaka nimechoka, daktari kasema mpaka kachoka. Anasema ameacha dawa, anarudi nyumbani."

"Nani kamruhusu?"

"Baba yake."

"Baba gani, Leetia?"

"Rhoda, una baba wangapi wa mama yako? Uqittuq! Alimwuliza jana, naye akakubali palepale. Amelala na simu kifuani."

Nilimtoa Babu darasani kwa mwalimu wa hesabu, tukaenda nyumbani. Jikoni nikamwuliza amemwambia nini bibi yake.

"Sijamwambia kitu."

"Nipe simu."

Alinipa bila ubishi, ndipo nikaogopa. Ulikuwemo ujumbe wa sauti ishirini na sita. Kila mmoja ambao haujasikilizwa una kidoa cha bluu pembeni, hata mimi hilo nalijua. Vidoa vilikuwa ishirini na vinne. Na chini ya kila kimoja moyo, dole, dole, moyo, dole.

Wa jana ulikuwa wa dakika sita. Dole lake lilitumwa dakika ileile ulipoingia.

Niliubonyeza, tukausikiliza tumesimama. Mama anaanza na habari za dirisha lake na ndege weusi walioko nje. Anakohoa. Halafu anasema hivi, nimeusikiliza mara tatu ili niuandike ulivyo:

"Baba, dawa hii imenichosha. Wanasema niendelee mpaka Aprili, na nikiendelea huenda nikaliona jua la mwaka mwingine. Lakini nitaliona kwenye dirisha hili. Mimi nataka kuja nyumbani. Nataka nife nikisikia lugha yetu ukutani, watu wakiongea chumba cha pili. Ila mimi ni mtoto wako, siamui peke yangu. Ukisema nikae, nitakaa, sitanung'unika. Nije, baba?"

Na chini yake lile dole la njano.

Babu alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye friji. Analia kama alivyolia alipokuwa mdogo, bila kuficha uso.

"Kwa nini hukumsikiliza?" nilimwuliza. "Dakika sita tu, Babu. Kwa nini?"

"Anaongea haraka. Siyashiki yote. Na nikimsikiliza itabidi nimjibu, na nikijibu mtanicheka."

"Nani atakucheka?"

Alinitazama kama mtu anayeshangaa kuulizwa.

"Wewe."

Desemba 18

Mama na Leetia wamefika Iqaluit, wanakobadilishia ndege. Huku kwetu Mittimatalik dhoruba. Ndege haikuja.

Desemba 19

Ndege haikuja. Intaneti imekatika toka asubuhi. Babu ameandika ujumbe kwa Kiingereza, akafuta, akaandika, akafuta. Nilimwambia hata ukienda nani atausoma, akasema anajua.

Nimempigia daktari kwa simu ya mezani. Anasema nafasi ya Mama ataishikilia hadi tarehe sita Januari. Baada ya hapo haina faida kuendelea.

Desemba 20

Dhoruba. Nyumba ya jirani haionekani. Nilimlaumu Leetia siku nzima kimoyomoyo: yeye ndiye aliyecheka, yeye ndiye aliyemsomea Mama dole kama hati ya mahakama. Nimemaliza kumlaumu Leetia, nimebaki mimi.

Desemba 23

Wamefika. Nilimwona Mama akishuka ngazi za ndege nikadhani ni mtoto kavaa koti la mtu mzima. Alikuwa anacheka. Alipita mbele yangu, akaenda moja kwa moja kwa Babu, akambana mashavu kwa mikono miwili.

"Umeniita, nimekuja," akamwambia.

Babu akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameniahidi asubuhi kwamba atamwambia palepale uwanjani. Hata mimi nisingeweza.

Desemba 25

Mama amepiga redio ya mji kuwasalimu watu. Huwa kila mtu anapewa dakika mbili, yeye alipewa nusu saa, hakuna aliyethubutu kumkata. Aliwataja watu nyumba kwa nyumba. Mwishoni akasema: "Na namshukuru baba yangu, Uqittuq, aliyeniruhusu kurudi. Vijana wanasemwa vibaya siku hizi. Wangu aliniitikia kabla sijavuta pumzi."

Ukumbini kwenye michezo ya Krismasi watu wanampa Babu mkono. Wazee wanamwita mtu wa busara. Amerudi nyumbani mapema, michezo haijaisha.

Desemba 27

Mama amekula vizuri. Rangi imemrudia kidogo. Nilipoiona ile rangi tamaa ilinishika. Nilisema moyoni, huyu akitibiwa anapona kabisa, madaktari hawajui watu wetu walivyo wagumu.

Desemba 29

Babu alikuja jikoni nikikanda unga. "Nataka kumwambia ukweli," alisema. "Kila akinishukuru nasikia vibaya. Lakini nataka nimwambie kwa lugha yake, si kwa Kiingereza. Nisaidie."

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilinawa mikono. Nikamwambia akishamwambia ukweli, Mama atamwuliza upya, kwa hiyo lazima awe na jibu. Akae au arudi? Tarehe sita haiko mbali.

"Wewe unataka aambiwe nini, Babu? Sema kwa lugha yetu."

"Nataka..." akaanza. "Nataka bibi..." Akakwama. Mkono wake ulikuwa unazunguka hewani ukilitafuta neno.

"Arudi kutibiwa," nikamsaidia.

Alinitazama kidogo, halafu akainamisha kichwa. "Sawa."

Tuliitengeneza pamoja: *Binti yangu, siku ile sikukusikiliza. Leo nakuambia kwa kinywa changu: rudi ukatibiwe, uishi.* Alirudia na mimi nikamsahihisha. Mara ya tisa ikanyooka. Sauti yake nzito ilikuwa ya babu yangu mwenyewe. Leo kwa mara ya kwanza tangu Novemba tuko kitu kimoja, mimi na mwanangu.

Desemba 30

Amemwambia.

Mama alikuwa amekaa sakafuni kwenye kadibodi, miguu kainyoosha, anakata samaki wa barafu kwa kisu chake kile cha mviringo. Babu alipiga magoti mbele yake. Nilikuwa mlangoni. Aliisema yote, polepole, kila kitu mahali pake.

Mama aliweka kisu chini.

"Kumbe hukunisikia."

"Sikusikia."

"Hata zile habari za mama yako wa enzi zile, aliyeuawa na barafu? Hata ile ya mbwa?"

"Zote, binti yangu. Niliziacha zote."

Sijawahi kumwona Mama akiaibika. Aligeuza uso ukutani kama msichana aliyesema siri yake mbele ya mlango ulio wazi. Siku zote zile alikuwa anaongea na kidoa cha bluu. Babu akanyoosha mkono, akaurudisha.

"Mimi nilidhani umenionea huruma," Mama akasema baadaye. Kisha akachukua kisu, akakifuta kwenye goti, upande huu na upande huu. "Basi sasa nimesikia. Baba amesema nirudi."

"Mama," nikasema, "siyo lazima kesho, unaweza kufikiri..."

"Nifikiri nini? Nilisema akiniambia nikae nitakaa. Neno langu ni lilelile." Akamtazama Babu, na uso wake ukalainika. "Umesema vizuri sana, baba. Umesema kama Rhoda."

Halafu akanitazama mimi, kwa muda mrefu, mpaka nikaenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Januari 3

Hakuna upepo. Ndege imekuja saa kamili, siku niliyoomba ichelewe. Leetia ameenda naye tena. Mama hakumwuliza baba yake ruhusa safari hii. Alimshika tu mkono, na Babu akamwambia, "Nenda salama, binti yangu." Watu wote uwanjani walisikia.

Januari 6

Amepewa dawa.

Januari 8

Babu sasa anapiga mwenyewe kila siku akitoka shule. Anaongea. Anakosea, anaendelea. Ameshausikiliza ujumbe wote ishirini na sita, na kama kuna asilolielewa anamwuliza Mama mwenyewe, siyo mimi. Leo wamecheka habari ya mbwa. Mama alicheka mpaka kikohozi kikamshinda, Leetia akachukua simu.

Januari 12

Homa. Wamempeleka wodini.

Januari 15

Figo, anasema daktari. Dawa imekuwa kali kwake. Wanangoja aimarike.

Nimewauliza kama anaweza kusafirishwa. Siyo sasa.

Januari 17

Nyuzi arobaini na mbili chini ya sifuri. Darasani Devon alisimama, bila kuambiwa, akasoma barua mpya aliyomwandikia bibi yake. Ukurasa mzima. Nilimshukuru, nikatoka nje ya darasa.

Januari 19

Leo Mama alikuwa na nguvu kidogo. Leetia alimwekea simu kwenye mto wa kulalia. Hakusalimia.

"Baba," akasema, "bado?"

Babu alinigeukia. Nilijua anachouliza Mama, aje nyumbani au bado, na nilijua anachoniuliza Babu. Daktari alikuwa ameniambia asubuhi kwamba homa imeshuka, kwamba akivuka wiki hii kuna matumaini. Nikatikisa kichwa: bado.

"Bado kidogo, binti yangu."

"Haya," Mama akasema. "Nimeuliza tu."

Nilikuwa nani wake mimi, hata nimchagulie? Nilikuwa mtoto ambaye hataki kuachwa. Nina miaka arobaini na mitano.

Januari 20

Amelala siku nzima.

Januari 22

Mama amefariki leo saa tano asubuhi, Ottawa. Leetia alikuwa ameenda chini kuchukua chai. Chumbani alikuwemo muuguzi, mwanamke mwema, anasema alikuwa anamwongelesha wakati wote. Kwa Kiingereza.

Januari 23

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Neno hilo nimelisikia tangu ujana wangu, nimelifundisha, nimeliandika ubaoni. Lile dole la Babu, lililotumwa bila kusikiliza, lilimpa Mama kitu alichokitaka. Maneno tuliyoyanyoosha mara tisa ndiyo yaliyomwondoa. Nimeandika hivyo nione kama kuna mahali nimekosea. Sioni.

Januari 26

Babu haongei. Simu yake iko kwenye kabati la vikombe, imezimika. Amekuwa akikata barafu ya kuyeyushwa iwe maji ya kunywa kwa ajili ya nyumba za jirani. Anaondoka gizani na kurudi gizani, na hilo si ajabu, siku nzima ni giza. Watu wanaendelea kumpa mkono. Wanamwambia ulimsihi aishi, hakuna mtoto angefanya zaidi.

Januari 30

Sanduku limefika na ndege ya mizigo. Tumezika mchana huohuo. Makaburi yetu huchimbwa Septemba kabla ardhi haijaganda, manne au matano, na hakuna ajuaye ni ya nani. Mama alipita pale Septemba iliyopita na mimi, tukitoka kuchuma matunda ya mwisho, akasema safari hii wamechimba vizuri.

Jua lilitoka tukiwa palepale. Lilionekana kipande juu ya milima ya ng'ambo, dakika chache, likaondoka. Watoto walipiga kelele kule mjini, kama kawaida ya siku hiyo.

Tuliporudi tulikuwa wawili tu jikoni. Nilimwekea Babu supu. Alikaa bila kuigusa, halafu akaanza kuongea, kwa lugha yetu, akitafuta kila neno, na mimi nikamngoja.

"Siku ile uliponiuliza," alisema, "nilitaka kusema bibi akae. Akae hapa na sisi. Nilikuwa nalitafuta neno."

Hakuwa na hasira. Alikuwa ananieleza tu, ili nijue.

Sentensi ilikuwa na makosa mawili. Nilielewa kila neno.